Nilivyompashia Paka Chakula Kifuani

Mtakaocheka, chekeni, mimi sijutii. Paka wetu, Kito, aling'olewa meno, na daktari wa mifugo akaagiza ale nyama laini ya kopo. Kopo likishafunguliwa hukaa kwenye friji, na Kito hagusi cha baridi. Ananusa, ananitazama kama nimemtukana, anaondoka. Alikuwa amebaki mifupa.

Juzi umeme ulikatika, mkaa nao umeisha, na baridi ya Lushoto mnaijua. Nikaitia nyama kwenye kifuko, nikaifunga kifuani ndani ya sweta mpaka ikapata joto. Mume wangu alikuwa ameenda Korogwe, naye hataki kabisa paka jikoni, kwa hiyo nikamwingiza Kito na kurudishia mlango.

"Kula, mpenzi wangu," nikambembeleza. "Nimekupashia joto kifuani. Kula upesi, mzee asije akatukuta."

Kito akasitasita. Nikapiga magoti, nikalamba kijiko mwenyewe ili aone. "Umeona? Tamu!"

Mlango ukasukumwa kwa kishindo. Alikuwa mama mkwe, aliyepanda kutoka Magoma bila taarifa na kusikia kila neno akiwa dirishani. Nyuma yake alisimama mzee wa kanisa, jirani yetu, aliyeitwa awe shahidi.

"Yuko wapi huyo mwanamume?"

"Shikamoo, mama," nikajibu nikiwa palepale magotini, midomo iking'aa mafuta ya nyama ya kopo. "Naomba upunguze sauti. Ndiyo kwanza ameanza kula."