Redio za AM ziende na FM? Mimi niliwahi kuzima redio ya kijiji kizima Kilosa nikiitafuta hiyo FM

Wakuu, heshima kwenu. Mnaonizidi umri shikamooni, ingawa humu sidhani kama mnafika watano.

Nimeona mnabishana kama zile redio kongwe za AM zirushe matangazo na FM pia. Wengine mmeandika kwa hasira kabisa. Mimi ni fundi redio mwenye diploma, na swali hili limenivuruga kichwa kuliko mnavyodhani. Ngoja niwaeleze lililonipata. Pale nisipokumbuka, nitasema sikumbuki.

Walisema sitaweza.

Walisema mtoto wa mkata mkonge wa Kimamba hawezi kushika waya akajua unakwenda wapi. Mwalimu wangu mmoja wa misheni alisema nitaishia kubeba mizigo stesheni. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alisema hata nauli ya kufika Dar sitaipata.

Nauli niliipata. Nilipalilia mkonge misimu miwili, nikafika Dar, nikapata kazi ya kuosha sufuria melini, na meli ikanifikisha kwenye nchi za baridi. Huko nilifagia karakana ya redio mchana na kusoma jioni mpaka nikapewa diploma. Hakuna aliyenisomesha. Naomba hilo lieleweke kabla hatujaendelea.

Nikarudi miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Watu wa kwetu walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Ulaya, Ulaya hii yetu ya Kilosa. Siku ya kwanza nilipojitambulisha kuwa nimesoma Ulaya, mzee mmoja aliuliza, "Kumbe pale shuleni wameanza kutoa diploma?" Watu walicheka wiki nzima.

Nilirudi na redio. Wakuu, ile redio! Ilikuwa inang'aa kama kijiko cha harusi. Ilikuwa na masafa ya kati na masafa mafupi, ambayo ndiyo AM, na kitufe cha tatu ambacho hakuna mtu Kilosa nzima aliyekuwa amekiona: FM. Kule nilikotoka ukibonyeza kile kitufe, mtangazaji unamsikia anavyovuta pumzi.

Kijiji nacho kilikuwa na redio yake moja, ya mbao, ofisini. Jioni watu wanakusanyika, kuna daftari la mahudhurio, balozi wetu Mzee Yoeli anasimamia. Sauti ilikuwa mbaya. Taarifa ya habari inaanza vizuri, giza likikaribia anaingia mtu wa nchi nyingine anaimba katikati ya bei ya pamba.

Sasa hapa muelewe jambo moja. Ile redio ilikula betri kubwa sita, na betri zilikuwa adimu. Duka la ushirika lilikaa miezi bila hata moja. Kwa hiyo utaratibu wetu ulikuwa hivi: nyumba sita, kila moja inatoa betri moja. Zikichoka zinaanikwa juani kama mihogo, zinarudi kidogo. Kila betri ilikwaruzwa alama ya mwenyewe. Redio ilikuwa ya kijiji, lakini betri zilikuwa za watu.

Na kilichowakusanya zaidi hakikuwa habari. Yalikuwa matangazo ya vifo. Ndugu akifariki Kimamba au Tabora, jamaa wanapeleka simu ya maandishi, tangazo linasomwa, na wewe uliye kijijini unajua ufunge safari. Hakukuwa na njia nyingine ya haraka.

Mimi nikasimama mbele yao nikawaambia FM ndiyo mwisho wa makelele. Kwamba sisi tupo bondeni, mawimbi yanapita juu yetu, nikipeleka redio yangu Mikumi kwenye miinuko ile ya barabara kuu nitaikamata, kisha nitajua urefu wa antena ya kujenga hapa kijijini.

Niliamini kweli? Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Vitabu vyangu vilisema hakuna FM bila mtambo wa kuirusha. Nilijua hivyo. Lakini kitufe kilikuwepo, nimekibeba kuvuka bahari, na nilishindwa kukubali kwamba hakina kitu ndani yake.

Redio yangu nayo ilikula sita na sikuwa na hata moja, nikaziomba zote. Siku tatu tu.

Watano walitoa. Wa sita alikuwa Mama Tabitha, mwanamke wa makamo aliyeolewa kwetu kutoka Kimamba. Baba yake alikuwa mzee wa reli, mgonjwa wa siku nyingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Na matangazo ya vifo?"

"Mama, siku tatu tu. Nani atakufa ndani ya siku tatu?"

Mzee Yoeli aliguna. Mama Tabitha alinitazama, akaingia ndani, akatoka na betri yake imeviringishwa kwenye kitambaa. Ilikwaruzwa msalaba mdogo.

"Fundi, uirudishe," akasema.

Nikafunga safari kwa baiskeli na lori mpaka Mikumi.

Mikumi ya wakati ule ni barabara, nyumba chache za kulala wageni, na malori ya kwenda Zambia. Nikapanda kilima nyuma ya nyumba moja ya wageni, nikavuta antena, nikabonyeza kitufe. Shshshshsh. Nikageuka kaskazini. Shshshsh. Siku ya kwanza ikaisha hivyo, na ya pili.

Dereva mmoja wa lori, mtu wa Iringa, alipanda kuja kuniangalia.

"Bwana fundi, unatafuta nini huku na tembo?"

"FM."

"Ya nani?"

Wakuu, ya nani! Nilimwambia hawezi kuelewa, hana diploma. Akacheka, akasema, "Nimetoka Dar jana. Huko kwenyewe hawana hiyo kitu. Niuzie hiyo redio mimi nisikilize muziki wa Zaire masafa mafupi." Nikamfukuza.

Siku ya tatu, nikiwa nafunga mzigo, nikasikia mtu.

Naapa nilisikia. Upande wa mwisho kabisa wa FM, sauti ya mwanamume, Kiingereza, maneno mafupi na namba, inakwaruza, halafu kimya. Nikaketi chini. Nikasema huyo hapo, wanajaribu mitambo! Sikuondoka. Siku tatu zikawa tano. Nilimsikia mara mbili tena, halafu betri zikafa zote.

Miaka mingi baadaye nilielewa kwamba redio za aina ile zinaweza kuokota mazungumzo ya rubani ndege ikipita. Huenda ilikuwa ndege. Karibu nina uhakika. Lakini ninyi mnajua mtu anavyoweza kuwa na uhakika na bado asiridhike.

Nikarudi nikiimba. Nilifika jioni, nikawakuta wamekaa ofisini mbele ya redio kimya, kwa mazoea tu. Nikaanza kuwaeleza habari za yule mwanamume wa namba. Kabla sijafika mbali, akaingia mtu na baiskeli kutoka Ulaya, katibu wa ushirika wa pale. Akavua kofia, akamwendea Mama Tabitha.

"Pole na msiba, mama."

"Msiba upi?"

Yule katibu akatutazama sisi, akaitazama redio. "Wa mzee wa Kimamba. Tangazo limesomwa jioni mbili mfululizo. Nilidhani nitakukuta umeshatoka."

"Lilisomwa lini?"

"Juzi, na siku moja kabla ya juzi. Wamezika jana."

Hakulia palepale. Aliniuliza swali moja tu: "Umeipata?"

Nikamjibu nimeipata. Mpaka leo najiuliza kwa nini nilijibu hivyo.

Kesho yake alfajiri nilimpakia kwenye baiskeli. Sikujua nifanye nini kingine. Ulaya, Kilosa, Kimamba, tukishuka na kusukuma penye matope. Mimi nilikuwa nikimsema sana kimoyomoyo ili nisijiseme mimi.

Kaburi lilikuwa bichi, udongo wake mwekundu. Kaka yake alitupokea kwa hasira. "Tumekungoja mpaka saa kumi! Hamkusikia redioni? Tumetangaza siku mbili!"

Nilifumba macho nikisubiri kutajwa. Kimamba ndiko nilikozaliwa, wazee waliosema sitaweza walikuwa wamekaa palepale kwenye mkeka.

Mama Tabitha akasema, "Betri zilikwisha, kaka."

Basi. Wakuu, sikuelewa, na bado sielewi. Aliniokoa? Alinidharau? Au alikuwa hana nguvu ya kueleza FM ni nini kwa watu waliofiwa?

Sasa mnaniuliza kama AM zirushe na FM. FM ni tamu, mimi ndiye niliyewatangulia kuijua. Lakini inaishia kilima cha kwanza. AM inakwaruza, inaingiliwa, lakini ndiyo iliyovuka milima ile yote kumtafuta mama mmoja kijijini, ikamkosa kwa sababu yangu. Nikisema zirushe kote kuwili, naogopa siku fedha zikipungua watazima ile inayokwaruza. Nikisema zibaki AM, vijana hawatasikiliza. Sijui. Nilichojifunza ni kidogo: usimwondolee mtu chombo kibovu anachokitegemea mpaka kizuri kiwe kinasema mikononi mwako. Wenye ujuzi wa sasa nisaidieni, na mnaotaka kunisema nisemeni, nimeshazoea. Ila msibaki mnasoma tu na kupita.

Betri nilizirudisha. Nilikwenda Mikumi, nikangoja siku mbili mpaka yule dereva wa Iringa akapita, nikampa redio yangu inayong'aa. Akanipa katoni ya betri mpya kutoka Zambia. Alitaka kunionyesha jinsi ya kuiwasha. Nilimwacha anionyeshe.

Nikapita nyumba kwa nyumba. Waliotoa moja niliwapa mbili, kwa heshima ya usumbufu. Mzee Yoeli alipokea mbili akataka na ya tochi. Nikampa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Tabitha, bado ana kitambaa cheusi kichwani. Nilimwekea mkononi betri zote zilizobaki. Akazihesabu polepole, akachukua moja, nyingine akanirudishia.

"Nilikupa moja, baba," akasema, akachukua msumari akaanza kuikwaruza msalaba.