Dilka ya Shangazi

Siku ya tano ya kusuguliwa nilijitazama kwenye kioo cha shangazi nikapiga ukelele, hadi jirani akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta kama kuna nyoka. Hakukuwa na nyoka. Kulikuwa na mimi, bibi harusi wa wiki tatu zijazo, mwenye mabaka mekundu kutoka shingoni hadi miguuni, juu yake magamba meupe. Na mabaka yenyewe yalikwenda kwa mistari, kana kwamba mtu amenipaka kwa brashi.

Wiki moja kabla nilikuwa na mabaka mawili tu, moja kila kiwiko. Nilikuwa nayo tangu shuleni kule Kenya, nilikokulia ukimbizini, na kila duka la dawa liliniuzia mafuta ya choa. Choa gani hicho kisichosikia dawa miaka yote ile? Sikuuliza. Nilizoea mikono mirefu. Nilipopata kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya Hai Amarat, wageni walinionea huruma kwa joto la Juba, nami nikawajibu kwamba napenda kujisitiri. Mchumba wangu nilimwambia ni kovu la kuungua na uji. Uongo huo ulinitoka kirahisi mno, na mpaka leo unaniudhi.

Shangazi, dada wa baba yangu, ndiye niliyekuwa nikiishi naye mtaani Atlabara. Aliishi Khartoum miaka mingi kabla ya kuhamia Uganda, na huko Khartoum alijifunza jambo ambalo hakuliacha tena: bibi harusi lazima afukizwe na asuguliwe. Alichimba shimo dogo kwenye pembe ya bafu la uani. Nikapanda boda boda hadi soko la Konyo Konyo kununua vipande vya talih, mti wenye moshi wa manukato, pamoja na dilka, donge la unga lililokandwa na karafuu na mafuta mazuri. Kila alasiri nilikaa juu ya moshi nimefunikwa blanketi, jasho likinichuruzika. Kisha shangazi alinisugua kwa dilka mwili mzima. Kwenye viwiko aliongeza nguvu.

"Hii ni uchafu ya zamani," alisema. "Imelala ndani. Mimi nitaitoa yote, biniya. Mama ya bwana yako akikuja ataona kitu inang'aa."

Damu ilipoanza kuonekana alisita. Mimi ndiye niliyemwambia aendelee. Lile neno "uchafu" lilinichoma kuliko dilka, na nilitaka litoke lote kabla mama mkwe hajafika.

Basi siku ile ya kioo shangazi alikuja mbio, akaniona, akakaa chini sakafuni na nguo zake safi. Mama mkwe alikuwa anakuja kuniona Jumapili ya wiki iliyofuata. Kwa mabaka yale angesema ukoma, na akisema ukoma harusi imekwisha. Hilo tulilijua sote wawili.

"Nimefanya nini mimi?" shangazi alisema. "Nimefanya nini?"

Tulikwenda kliniki. Daktari alikuwa mwanamke, pengine mdogo kuliko mimi. Alichukua kifuniko cha kalamu, akakipitisha taratibu juu ya mstari wa mabaka kutoka begani hadi kifundoni mwa mkono.

"Aliyekusugua alipita hapa?"

Nilishtuka, kwa kuwa hatukuwa tumemtajia dilka, nikamtazama shangazi. Alikuwa amekodoa macho.

"Inaitwa soriasisi," daktari alisema. "Si choa, si ukoma, wala si uchafu. Kinga ya mwili wako inaharakisha kutengeneza ngozi, mpya inapanda juu ile ya zamani haijatoka, zinarundikana. Na ngozi ya namna hii ukiijeruhi, baka linaweza kutokea palepale kwenye jeraha."

"Inaambukiza?" shangazi aliuliza.

"Hata mkilala kitanda kimoja."

Shangazi alielewa kinyume, akaruka kwenye kiti. Daktari akarudia: haiambukizi, hata mkilala kitanda kimoja. Ningecheka kama nisingekuwa nimeshauliza swali langu, itaisha lini.

"Haiishi, dada. Tunaituliza. Inaweza kulala miezi, hata miaka, halafu ikaamka."

Nimewahi kupata habari mbaya maishani, lakini sijui habari nyingine iliyonipiga ganzi namna ile. Miaka yote nilidhani nimekosa tu mafuta yanayofaa. Daktari aliendelea na maelezo ya dawa mimi nikiwa kama kiziwi, na ni shangazi aliyeyashika: dawa ya kupaka kwa siku zilizoandikwa, usizidishe, usiikatize ghafla, mafuta mazito ya mgando mwili ukiwa bado na unyevu, usikwangue. Jioni ile alilifukia shimo kwa mikono yake. Tangu hapo kila nikitoka kuoga nilimkuta mlangoni na kopo la mafuta, akinipaka polepole kama mtoto mchanga.

Mchumba nilimwambia ukweli kwa simu. Akasema, "Umwambie mama wewe mwenyewe." Nilimkasirikia siku mbili nzima.

Jumapili ilipofika magamba yalikuwa yamepungua, wekundu bado. Shangazi alinitolea gauni la mikono mirefu. Nilimwambia nimechoka kuvaa uongo, nikavaa la mikono mifupi. Alishika kichwa.

Mama mkwe aliketi, tukaweka sinia moja mezani katikati yetu watatu: kisra, mkate mwembamba wa mtama, na mchuzi wa bamia. Nilinyoosha mkono kumkaribisha. Aliuona. Mkono wake ukabaki hewani juu ya sinia.

Nikasema yote kwa pumzi moja: jina la ugonjwa, kwamba hauambukizi, kwamba hauponi. Nikamwambia pia kuhusu uji ambao haukuniunguza kamwe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na watoto ya kijana yangu," aliuliza, "wao watazaliwa na hii kitu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Jibu lake daktari alikuwa ametuambia, na shangazi alinikanyaga mguu chini ya meza ili ninyamaze.

"Labda, mama," nilisema. "Inapita katika damu. Si lazima, lakini labda."

Bamia ilipoa. Mama mkwe aliutazama mkono wangu, akaufuata ule mstari kwa macho kutoka begani hadi chini, kisha akauliza nani aliyenifanyia vile. Shangazi akainua mkono wake mwenyewe, kama mwanafunzi.

Mama mkwe akachana kisra, akachovya, akala. Kisha akamgeukia shangazi.

"Basi mtoto yule atazaliwa nayo," alisema, "wewe hapana msugua."