Siku Tuliyozika Mgomba

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kubebeshwa ndoo ndogo na kufika nyumbani na nusu ya maji, pale kwetu Nyakato, Mwanza, palikuwa na sheria za aina mbili. Sheria za baba zilibembelezeka. Za bibi, mama yake baba, aliyevuka kutoka Ukerewe kuja kutulea wakati mama yuko Dar es Salaam kwenye matibabu, hazikubembelezeka hata kwa sangara mzima. Usipige mluzi ndani ya nyumba, utaita nyoka. Usifagie jioni, utatoa riziki nje. Na kubwa kuliko zote: mwanamke asinyoe kichwa kama hakuna msiba, kwa sababu kichwa kilichonyolewa bure hutafuta maiti wake, na hakiendi mbali, huanza na mume.

Bibi alikuwa na ushahidi. Kijijini kwao mke wa mvuvi mmoja alinyoa kipara kwa sababu ya chawa, na mumewe akazama ziwani kabla muhogo haujavunwa. Nilimuuliza chawa nao waliishia wapi. Akanifukuza jikoni.

Mama alikuwa amekatwa titi la kushoto hapa hapa Mwanza, kisha akapelekwa Dar kupigwa mionzi na kuwekewa dripu za saratani. Alikaa huko mpaka nikaanza kuisahau sauti yake ya kawaida, nikabaki na ile ya kwenye simu, ya haraka haraka kama mtu anayeogopa kukatwa. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kiwanda kilipouzwa, akawa anauza mitumba sokoni Mirongo. Nyumbani tulikula mapanki, yaani mifupa na vichwa vya sangara vilivyobaki baada ya viwanda vipya kupeleka minofu yote Ulaya. Mimi sikulalamika. Nilichokosa ni mama.

Majirani walikuwa wameacha kuja. Wengine walisema ugonjwa ule unaruka. Wengine walisema mama karogwa, na aliyemroga yuko karibu, kwa hiyo afadhali usionekane unaingia pale. Baba aliumia kwa sababu mama ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa chama cha akina mama cha mtaa wetu, chama cha kufa na kuzikana. Kilikuwa na masufuria ya kupikia mtaa mzima, mikeka, turubai, na bidii ya kutisha. Ukifa, walikuwa wamefika kabla mwili haujapoa. Ukiugua, hiyo ilikuwa shughuli ya kwenu. Mama alikuwa amewaimbia marehemu wa mtaa ule hata wasiomsalimia walipokuwa hai, na sasa yeye alikuwa mgonjwa, basi hakuna aliyebisha hodi.

Halafu simu ikapigwa dukani, ile iliyotumiwa na mtaa mzima. Baba alirudi kutoka kuipokea akitembea upesi, shati limemtoka suruali. "Amemaliza," alisema. "Daktari kasema amemaliza. Anapanda treni."

Sijui kama nimewahi kufurahi tena namna ile. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilimwambia kila mtu niliyekutana naye bombani, na walipoitikia kwa mdomo mzito sikujali. Bibi naye alipaka upya sakafu ya jikoni na kumchagua jogoo wa kuchinjwa, akawa anamwangalia kwa jicho la kumuaga.

Tulikwenda stesheni mimi na baba, kwa pikapu ya rafiki yake iliyokuwa ikibeba barafu za samaki. Treni ilichelewa, kama kawaida yake, na kila ilipovuma sauti yoyote mimi nilisimama. Mama aliposhuka nilimpita. Baba ndiye aliyenirudisha kwa kunishika bega. Alikuwa amekonda, amevaa kilemba kikubwa cha kitenge, na rangi yake ilikuwa imeiva kama ya mtu aliyekaa karibu na moto. Kisha akacheka, na kicheko kilikuwa kile kile.

"Leokadia, ndiyo unanipita?"

"Shikamoo mama," nikasema, nikamkumbatia upande wa kulia maana baba alikuwa amenionya. Nilikuwa nalia na kuruka kwa wakati mmoja. Alinukia sabuni ya hospitali, na sikumwachia mpaka nyumbani.

Bibi alikuwa amesimama uani, amevaa gauni la kanisani. Mama, mkwe mwenye adabu zake, alipiga magoti kumwamkia. "Shikamoo mama." Na pale alipoinama, kilemba kikavuka paji la uso, kikaanguka chini.

Kichwa kilikuwa kitupu, kinang'aa. Hapakuwa na unywele hata mmoja.

Bibi hakuitikia marahaba. Alirudi nyuma hatua moja akasimama kwenye mlango, mikono imeshika miimo yote miwili. "Magesa," akamwita baba, "toka karibu yake. Na wewe mkwe wangu, usiingie. Usikanyage hapa."

"Mama, ni dawa," baba alisema. "Dripu ndizo zilizong'oa nywele. Hakunyoa mtu."

"Kichwa hakiulizi kilinyolewa na nani."

"Huyu ni mke wangu na hii ni nyumba yangu. Anaingia."

"Akiingia, mimi navuka kurudi Ukerewe leo hii. Na ukifa usiniite."

Alisema hivyo kwa ukali. Nilikuwa mtoto, nikamchukia bibi pale pale kwa moyo wangu wote. Nilikuwa sijafikiria kwamba baba alizaliwa wa tatu, na kwamba wale wawili waliomtangulia walizikwa na bibi. Mmoja ziwa halikumrudisha. Walizika shina la mgomba badala yake, wakalilia kama mtu, kama wanavyofanya kwao kwa waliokosekana. Aliyesimama mlangoni alikuwa mama mwenye mtoto mmoja wa kiume aliyebaki, na alikuwa ameona kipara.

Mama hakugombana. Alikaa chini ukutani, chini ya bati, akanyoosha miguu. Nilimletea maji, akanywa yote. Milango ya majirani ilikuwa imefunguka kidogo kidogo, kila mmoja na jicho lake. Safari yote ile, maumivu yote yale, halafu anafika kwake anakaa nje kama mgeni asiye na mwenyeji. Nilidhani atalia. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama, nywele hizi hazikunyolewa bure. Msiba upo."

"Msiba wa nani?"

"Titi langu lilikufa. Lililomnyonyesha Leokadia. Walilikata, nikalala, nilipoamka halipo."

Bibi alishusha mkono mmoja kutoka kwenye mwimo. "Mlilizika wapi?"

"Sijui, mama. Sikuulizwa. Lilibaki huko huko hospitali."

"Halikuzikwa?"

"Sijui."

Uso wa bibi ulibadilika, nami nilikuwa nauangalia. Hofu haikuondoka, lakini ilipata pa kushika. Kumbe maiti yupo, tena ni wa mtu wa nyumbani, ameachwa huko bila udongo wala chozi! Huyo ndiye aliyekuwa akitafutwa na kichwa. Baba alifungua mdomo aseme neno la kisomi, mama akamtazama, akaufunga.

"Magesa," bibi alisema, "nenda nyuma ya bafu ukakate mgomba."

Kisha akavua kitambaa chake cha kichwani, akakifunga kiunoni, akatoka hadi barabarani na kupiga yowe. Hakuigiza. Alilia kilio cha Ukerewe, kile cha kuvusha habari juu ya maji, na mtaa mzima ukaanguka nje. Niliona sufuria zikiachwa motoni. Akina mama walikuja mbio wakijifunga kanga, kwa sababu kilio kikisikika haijalishi ulikuwa humsemeshi nani. Wakaingia uani, wakamkuta mama amekaa ukutani, kipara wazi, anawapungia mkono.

Mbele alikuwa Mama Salome, mwenyekiti wa chama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru. Alisimama akihema. "Nani kafa?"

"Titi la mkwe wangu," bibi alisema.

Mama Salome aliangalia wenzake. "Bibi, pole sana. Lakini chama chetu kinazika watu. Hakizikagi matiti."

"Kilio umekisikia?"

"Nimekisikia."

"Umeingia uani mwa msiba?"

"Nimeingia, bibi, ila..."

"Basi ondoka bila kutupa udongo," bibi alisema, "utuambie msiba umeubebea nani nyumbani kwako."

Hakuna aliyesogea. Hiyo waliijua wote, Wasukuma, Wajita, Wahaya, hata yule Mama Frola mlokole aliyekuwa akisema miko ni ya shetani. Ukienda msibani ukarudi bila kuutupia udongo, umeubeba. Wanawake wale waliokuwa wamekimbia ugonjwa wa mama miezi yote walikuwa wamenaswa uani kwake, na kilichowanasa ni hofu zao wenyewe. Mama alianza kucheka kwanza. Akacheka mpaka akashika ubavu uliokatwa, akisema, "Uwii, msinichekeshe, panavuta." Mama Frola akaangua naye. Kisha Mama Salome akageuka, akasema kwa sauti yake ile ile ya mikutano, "Haya, turubai liko wapi? Masufuria? Nani yuko zamu ya kuni?"

Sisi watoto tulikuwa tunafukuzwaga misibani. Siku ile nilikuwa katikati. Baba alileta shina la mgomba, fupi, jeupe, linatoa maji, bibi akalivika kanga ya zamani ya mama. Lilichimbiwa kaburi dogo karibu na jiwe kubwa lililokuwa nyuma ya nyumba. Walipofika pale palitokea shida: hakuna wa kuimbisha, kwa kuwa mwimbishaji ndiye mfiwa. Wakatazamana. Mama akasimama, akashika kiuno, akaanzisha mwenyewe.

Sauti yake ilikuwa imechakaa, ikapasuka kwenye mstari wa kwanza. Akaanza tena. Wakaitikia. Na hapo ndipo mchezo ulipokwisha, kama ulikuwa mchezo, maana walianza kulia kweli. Mama Frola alilia kwa kwikwi. Bibi alilia akimtaja mwanawe wa ziwani kwa jina, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kumsikia akilifanya. Baba alitupa udongo, akabaki ameshika koleo. Nami nilitupa wangu, nikapiga kelele za kulia kuliko wote, moyo unanidunda kwa furaha, kwa sababu nilikuwa nimemshika mama mkono na mkono ulikuwa wa moto na una nguvu.

Tulipomaliza, bibi alimshika mama mkono mwingine, akampeleka mlangoni mbele ya watu wote, akasema, "Marahaba, mwanangu. Pita ndani." Vigelegele vilivyopigwa pale, mpita njia angedhani ni harusi.

Mfiwa huogeshwa. Wanawake watatu waliingia na mama chumbani, mimi nikashika beseni. Akavua blauzi. Kovu lilikuwa limelala kutoka kwapani hadi katikati ya kifua, ngozi imekuwa nyeusi pale mionzi ilipopiga. Nilikuwa sijaliona. Nililiangalia, na baada ya muda kidogo likawa ni mama tu.

Mama Salome alichovya kitambaa, akaanza kumpangusa polepole, pembeni ya kovu, kisha juu yake. "Panauma?"

"Panawasha tu. Paguse, hapaambukizi."

Akapagusa kwa vidole. Alikaa hivyo. Sauti yake ilipotoka haikuwa tena ya mwenyekiti. "Mama Leokadia, la kwako lilianzaje?"

"Kama punje ya harage. Lilikuwa haliumi."

Mama Salome aliweka kitambaa kwenye beseni langu. Akauchukua mkono wa mama, akaupeleka ndani ya gauni lake mwenyewe, upande wa kulia. Mama alifumba macho akipapasa. Kisha akasema, "Kesho asubuhi tunakwenda hospitali. Mimi na wewe. Usimwambie mtu kwanza, ila kesho tunakwenda."

Walikwenda. Kivimbe kilikuwa kimewahiwa. Mama Salome alikatwa, akapelekwa Dar naye, na alipokuwa huko chama kilipika kwake kwa zamu, kwani baada ya siku ile hawakujua tena namna ya kukataa. Aliporudi na kipara chake hakuna aliyezuia mlango. Bibi alimkagua tu, akauliza nani ana mgomba mzuri.

Baba alizeeka vizuri, na bibi alijipa sifa zote mpaka anafariki. Siku hizi, nikiwa mtu mzima, siamini kwamba kipara humtafuta mume wa mtu. Lakini siwezi kumcheka aliyeamini. Madaktari walimtoa mama ugonjwa, Mungu awabariki. Ila walimrudisha kwenye mtaa ambao ulikuwa hauna njia ya kumpokea aliyepona. Ulikuwa unajua kuzika tu, basi ikabidi uanzie pale unapopajua.

Kwa miaka nilidhani mama aliibuni ile habari ya msiba ili kumtuliza bibi. Nilimuuliza tukiwa tunachambua dagaa, nikamsifu kwa ujanja. Hakuipokea ile sifa.

"Ujanja upi?" akasema. "Nilikuwa nimewaona wenzangu Dar, wanamaliza dawa, wanarudi kwao, hakuna anayewaambia hata pole. Mimi nimewalilia watu wengi mtaa huu, Leokadia, na hakuna hata mmoja aliyenisikia. Nilitaka na mimi nililiwe, ila niwepo."