Mlinzi Aliyehisi Ananong'onewa

Kwa miaka kumi na tisa Bi Lok Sau-ping alilinda lango la jengo letu hapa Zhongshan, kusini mwa China, na hakumwamini mtu. Mleta vifurushi aliulizwa jina, ghorofa na aliyemtuma. Hata mimi, niliyepanga hapo kwa miaka kumi na miwili, nilionyesha kadi kila jioni.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, akaanza kuwashuku hata watu wa nyumbani kwake.

"Mnanong'ona," alimwambia mwanawe, Chi-hang, wakila wali na samaki wa chumvi.

"Hatunong'oni, mama. Sikio lako ndilo bovu."

"Sikio langu zima. Midomo yenu ndiyo mibovu."

Sikio la kushoto lilikuwa limeziba, kama lililoingia maji. Asubuhi alitema kohozi lenye michirizi ya damu. Akasema ni joto la mwili, na kama wengi wetu akanywa chai chungu ya mitishamba ya kupoza joto, miezi minne mfululizo. Uvimbe ulipojitokeza shingoni, Chi-hang akamlazimisha kwenda hospitali.

Alipimwa. Siku ya majibu daktari alimwita Chi-hang ndani peke yake. Mama akabaki kwenye benchi akiukodolea macho mlango uliofungwa. Tangu siku hiyo watu wa nyumbani walinong'ona kweli.

"Ni pua tu, mama. Utakaa hospitali kubwa ya Guangzhou wiki saba, wakupige mionzi kidogo."

"Wiki saba kwa ajili ya pua? Kazi yangu umempa nani?"

Hakwenda. Wiki ya kwanza ikapita, kisha ya pili, na uvimbe ukazidi kukua. Kwetu kumficha mgonjwa ugonjwa wake huitwa huruma. Mimi nauita uongo, na uongo huu ulikuwa unamla mtu.

Yaliyofuata Bi Lok alinisimulia mwenyewe. Alipanda basi peke yake, akaenda kusimama mbele ya meza ya daktari yuleyule.

"Kitambulisho chako," alisema.

Daktari alicheka kidogo, akamwonyesha.

"Sawa. Ni saratani?"

"Mama, mwanao ameniomba nisi—"

"Mwanangu hana uvimbe. Nimekuuliza mimi."

"Ndiyo. Iko nyuma ya pua. Inatibika, lakini usichelewe tena."

Bi Lok akakaa. "Mimi sijawahi kusinzia kazini. Mwili wangu ulisinziaje?"

"Haukusinzia. Askari wa mwili, yaani chembe za kinga, wamejaa palepale, wameuzunguka uvimbe. Kuna kirusi ambacho karibu sote tunacho tangu utotoni, na kwako kimejificha ndani ya seli za uvimbe. Hakijionyeshi ila kidogo sana. Seli zenyewe nazo zimeficha alama ambazo askari huzisoma ili kumjua adui. Na askari akisogea karibu, zinampa ishara ya kumtuliza: pumzika, hapa pako salama."



"Kumbe askari naye anaambiwa ni pua tu," alisema Bi Lok.

Jioni ile Chi-hang alimkuta mama yake anafunga begi. Akaanza kujieleza.

"Kaa," mama alimwambia, akamvutia kiti upande wa kulia, penye sikio zima. "Kesho tunakwenda Guangzhou. Sasa niambie yote aliyokuambia daktari, na useme kwa sauti."