Nguzo za Nyumba ya Gihosha

Mkaratusi uliokatwa asubuhi hutoa harufu kali na tamu, kama dawa ya kifua. Harufu hiyo ndiyo iliyotupokea siku tulipokwenda kununua miti. Katika miaka ya vita nyumba yetu ya Gihosha iliteketea, tukahifadhiwa na shangazi huko Nyakabiga, familia nzima chumba kimoja. Mapigano yalipotulia, baba, aliyekuwa mwalimu, alitaka tujenge upya kabla ya mvua, akatuchukua mimi na mama kwenda kuchagua nguzo.

Muuzaji alikuwa na mafungu mawili. Miti mibichi ilikuwa bado inatoa utomvu. Mama alisema ingepinda ikikauka, na udongo wa kuta ungepasuka. Mikavu ilikuwa minyoofu na migumu, ila ilikuwa na matundu ya misumari. Mama alitia kidole katika tundu moja. "Baba Aline, hii ilikuwa nyumba ya mutu," alisema taratibu. Sote tulijua kwamba mlimani kwetu nyumba zilibomolewa baada ya wenyewe kukimbia. Baba hakumtazama. "Mvua haingojee mutu," alijibu, akachukua mikavu.

Nyumba ikasimama imara. Msimu uliofuata Mama Spesi, jirani yetu aliyekuwa amekimbilia Kongo, alirudi, akaja kutusalimu. Alipokuwa akinywa maji, macho yake yalitua kwenye nguzo ya sebuleni, penye msalaba mdogo tuliodhani ni alama ya muuzaji. Aliinuka, akaupapasa. "Huu aliuchonga bwana yangu," alisema. Mumewe hakurudi naye. Baba, ambaye sauti yake ya darasani ilifika barabarani, alinong'ona kwamba angeing'oa miti yote amrudishie.

"Apana, mwalimu," alisema Mama Spesi. "Ukiitoa, watoto watalala wapi?"

Yeye alijenga kwa miti mibichi. Kila masika baba alikwenda kuziba nyufa za kuta zake. Alishukuriwa kwa upole, na kila aliposhukuriwa alirudi nyumbani asiweze kula.

Wahenga walisema mali ya dhuluma haidumu. Leo ninaishi katika nyumba ya matofali, na wanangu hawajui kutofautisha mti mbichi na mkavu. Nyumba ya Mama Spesi ilianguka zamani. Yetu bado imesimama wima, na wageni wakiusifu ujenzi wake, mimi huupapasa ule msalaba mdogo wa sebuleni.