Mbuzi wa Ntheo Hawakuletwa na Mume Wangu

Admin, nifiche kabisa, na majina yote humu nimeyabadilisha. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, fundi wa nguo hapa Kitengela, mama wa watoto wawili. Kwetu ni Entarara, Wakamba wakulima. Niwaambie mapema kwamba mimi si mtu wa kulialia, mimi hugomba. Lakini hili limenitoa machozi mbele ya wateja wangu, na sioni haya kulisema.

Nimeishi na Mutua tangu nikiwa na miaka ishirini na tatu. Mutua ni yatima. Alilelewa na mjane wa amu yake, ambaye sote tunamwita Mwaitu, yaani mama. Mwaitu alijaliwa mtoto mmoja tu, Kioko, akafa kijana kabla ya kuoa. Kwa hivyo wazee wa ukoo wao walipokuja Entarara na mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao bila wao Mkamba hasemi ameoa, nilimwona Mwaitu ameketi mbele kabisa na sikushangaa. Nani mwingine angekaa pale? Na kifungua mimba wangu alipopewa jina la Kioko badala ya jina la babake Mutua kama ilivyo desturi, nilisema mwacheni mama wa watu apanguswe machozi. Nilijiona mkaza mwana mwenye roho nzuri sana.

Mwaka huu Mutua aliandikwa kazi ya kudumu katika machimbo ya mawe. Ili mimi na watoto tuingie kwenye bima yake ya matibabu, wanataka cheti cha ndoa. Mimi nina uvimbe tumboni unaongoja upasuaji, kwa hivyo mimi ndiye niliyekimbia saiba, kwenye kompyuta za kulipia, kuanza maombi kwenye mtandao wa serikali. Nikachagua ndoa ya kimila. Wanataka mashahidi waliokuwepo siku ya mila, wafike mbele ya msajili kule Kajiado. Kila nikimkumbusha Mutua, ni "tutaenda, tutaenda". Nikachoka. Nikamshika mkono siku ya soko tukaenda Bisil kwa Mzee Ndambuki, amu yake mwingine, mfanyabiashara wa mbuzi, aliyekuwa msemaji siku ya ntheo.

Tulimkuta katikati ya mifugo akisalimiana sopa sopa na Wamasai. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Mutua. "Kumbe hujamwambia?"

Mutua akaangalia viatu vyake.

"Mama, mimi siwezi enda kuapia serikali uongo," mzee akaniambia. "Hizo mbuzi ni mimi nilileta, lakini hazikuwa za Mutua. Zilikuwa za Mwaitu. Wewe ni mke wa iweto. Mwaitu ndio alikuoa, ndio nyumba ya Kioko isizimike. Mutua alichaguliwa tu akuzalishe."

Kwa wasiojua, iweto ni mwanamke aliyeolewa na mwanamke mwenzake asiye na mwana, ili amzalie watoto wa kuendeleza nyumba yake. Si siri kwetu, na wapo wanaoishi hivyo kwa heshima. Lakini hao waliulizwa.

Nilimpigia baba pale pale, mbuzi wakilia pande zote. "Baba, ulijua?"

Akajibu, "Tulijua, mama. Lakini si unakaa na Mutua? Nini imepungua?"

Baba alijua. Mama alijua. Siku ile ya ntheo ni mimi peke yangu niliyevaa leso mpya nikicheka kama mjinga.

Tuliporudi nyumbani nilimkabili Mwaitu, maana anaishi nasi. Huyu ndiye aliyenikanda kwa maji moto nilipojifungua, mara zote mbili. Hakukana. "Nilikupenda ndio nikakuoa," akasema. "Ukitaka hiyo karatasi na Mutua, chukua. Lakini watoto ni wa Kioko. Watabaki kwa nyumba yangu, na wazee watasema hivyo."

Alipotoka nje, Mutua akapata sauti. "Tufute hiyo ya kimila. Tujaze ile ingine ya serikali, useme hujawahi kuolewa. Mwaitu ni mzee, atajuaje tumeandika nini?"

Nikamwuliza, "Kama wazee hawangekuchagua, wewe mwenyewe ungekuja Entarara na mbuzi zako?"

Alifikiri. Jamani, alifikiri! Kisha akasema, "Sijui."

Maombi yangu bado yako nusu kule mtandaoni. Nikiandika sijaolewa, napata cheti na matibabu, na mume asiyejua kama angenitaka, halafu naanza vita vya watoto na ukoo mzima. Nikinyamaza, nabaki na watoto wangu na uvimbe wangu, na hakuna mtu duniani wa kuniita mkewe isipokuwa huyo mama. Asubuhi ya leo ameniletea uji, akaniuliza kama tumbo limetulia. Nimeunywa, maana nilikuwa na njaa.

Ninyi mnaonisoma, hasa mlioolewa kwa iweto, mngekuwa mimi mngejaza nini? Niambieni ukweli hata kama ni mchungu. Nawauliza ninyi nisiowajua kwa sababu kila mtu niliyezoea kumwuliza alikuwa pale siku ile, akila nyama.