Dada Ana B, Fomu Nikapewa Mimi

Dada yangu Mwende amenyimwa fomu ya basari, msaada wa karo ya chuo, leo kwa sababu hana mwalimu mkuu wa kuitia sahihi.

Alifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi. Akitoka kazini kiwandani, tulikuwa tunasoma pamoja vitabu vyangu vya shule.

Akapata B. Chuo kimemwita, karo hana.

Tulipofika ofisi ya basari, karani akauliza, "Sasa mama, nani alikufundisha?"

"Huyu," akasema, akininyooshea kidole.

Ofisi nzima ikacheka.

Halafu karani akanipa mimi ile fomu. "Wewe uko shule. Weka, utajaza ukimaliza."

Mimi, ambaye mtihani wenyewe bado sijaufanya.

Mtihani si ni ule ule? Niambieni, nyinyi mngemjibu nini?

Mimi nilisema asante, Mwende akiwa amesimama hapo.

Ninajichukia.